Siku Tuliyomsaka Afande

Pakiti tupu ya maziwa ukiijaza hewa kisha uikanyage hulia pa! na mlio huo ningali nausikia. Jumapili hiyo tulikuwa tumetoka kibanda cha video kutazama sinema ya mwanajeshi aliyevurugwa na vita, anayesakwa na polisi mji mzima. Kwenye ploti yetu, jengo la ghorofa la wapangaji, pia alikuwepo mwanajeshi tuliyemwita Afande, baba mpole aliyerudi kutoka vitani akitetemeka.

"Afande ako wapi?" wavulana wakaniuliza.

Nilijua. Nilikuwa nimemwona akijifungia bafuni, akaweka kidole mdomoni kuniomba ninyamaze. Nikacheka, nikawaonyesha mlango.

Wakakanyaga pakiti tano kwa mpigo. "Afande, toka! Umezingirwa!"

Akatoka mikono juu, suruali imelowa mkojo mpaka viatuni. "Msinipige risasi, wakubwa," akatuambia sisi watoto. "Niko na familia."

Mama mmoja aliyekuwa akifua akaangua kicheko. "Woi! Na huyu ndiye alikuwa anatulinda?"

Tulimcheka mpaka akamaliza kupanda ngazi.

Wenzangu walipokimbilia mchezo mwingine, niliteka maji nusu ndoo, nikaosha ngazi moja moja hadi mlangoni pake, kabla mkewe hajarudi kutoka kanisani.