Laptop ya Kopi Mbili

"Siku nitakayochelewesha kazi ya mteja, hata kwa nusu saa, fundi simu achukue chumba changu! Na kiti nitamwachia kikiwa bado cha moto!"

Maneno hayo aliyasema mchapaji kwa mdomo wake mwenyewe, amesimama, kidole juu, mbele ya wapangaji wote wa jengo, kwenye kikao cha kujadili nani anakitumia chumba chake na nani anakijazia maboksi tu. Wapangaji wakapiga makofi. Msimamizi wa jengo akaagiza yaingizwe kwenye muhtasari. Na kwa kuwa jengo zima halina mchapaji mwingine, aliyeyachapa ni yeye huyo huyo: kifungu cha sita, herufi nzito, kopi mbili.

Ndilo jina lake hilo, Kopi Mbili. Mpelekee barua ya kuomba kazi, umwambie unataka moja, atakutolea mbili. "Hii yako," anasema, "na hii ya siku utakayopoteza hiyo yako." Kachumba kake kako chini ya ngazi, na mtu mrefu akiingia lazima aombe radhi kwa dari. Kuna printa, kuna benchi la wateja, na kuna laptop ya miaka kumi na mmoja, umri ambao kwa laptop ni wa kuamkiwa shikamoo. Herufi N ilishafutika kwenye kitufe chake zamani. Anaijua ilipo, inatosha.

Laptop ilikalia kitambaa cha kufuma, rangi ya waridi, chenye pindo la maua. Mfumaji ni mama yake mzazi, ambaye kila asubuhi huja kukaa mwisho wa benchi na sindano zake, eti kuangalia mwanawe asionewe. Chumba kizima kilikuwa kimevikwa: printa ina chake, kiti kina chake, hata swichi ya taa ilikuwa na kijipindo. "Mashine inayotulisha haiwezi kukaa uchi mezani," mama alisema siku alipokileta kile cha waridi, miaka minne iliyopita, na hakuna aliyebisha. Nani abishane na mama yake juu ya mavazi?

Jumatatu moja akaja muuguzi aliyekuwa anajiendeleza chuoni, na ripoti ya kurasa sabini na nne, yote kwa mwandiko wa mkono unaokimbia. "Dada, Ijumaa saa kumi jioni wanafunga kupokea. Nikichelewa, narudia mwaka."

"Ijumaa saa tisa unusu iko mikononi mwako," akajibiwa.

Ukurasa wa tisa, laptop ikaganda. Mshale ulisimama katikati ya neno "maambukizi" kama mtu aliyeingia chumbani akasahau amefuata nini. Akaizima, akaiwasha, robo saa nzima ikapita ndipo ikazinduka. Akachapa kurasa mbili. Ikaganda tena.

Fundi simu wa chumba cha pili alikuwa ameshafika mlangoni, ameinamisha shingo yake ndefu. "Dada, hiyo bodi imekufa. Mimi nasikia kwa mlio."

"Mlio gani? Imeganda, haina mlio."

"Ndio huo huo."

"Fundi, una kazi kwako?"

"Ninayo. Ndiyo maana nahitaji nafasi. Pale kwenye printa nitaweka shelfu ya makava ya simu." Na kweli, macho yake yalikuwa yanapima ukuta.

Kuanzia hapo kila aliyekalia benchi akawa daktari. Mmoja akasema virusi. Mwingine akasema ipigwe fomati, futa kila kitu, anza upya, kama vile ni yeye atakayechapa upya. Mzee aliyefuata kopi ya kitambulisho akashauri ipigwe kofi ubavuni, redio yake huwa inapona hivyo.

Kopi Mbili hakupiga kitu. Alichukua daftari, akachora mistari: saa iliyoganda, kilichokuwa kimefunguliwa, alichobadilisha. Na akajiwekea sharti la kubadilisha kitu kimoja tu kwa wakati, maana ukibadilisha vitatu ikapona, utamshukuru nani? Akachomoa chaja. Ikaganda. Akafuta picha zote za harusi za wateja. Ikaganda. Akasaka virusi mpaka mchana, akakuta wawili wa zamani, akawaua. Ikaganda. Jioni akaibeba nyumbani, akachapa juu ya meza tupu ya kulia chakula, na laptop ikaenda kurasa kumi na mbili bila hata kukohoa, mpaka wenye meza walipotaka kula.

"Inakuonea haya kazini," fundi akamcheka Jumanne. "Uzee una mambo."

"Ninyi wote mtaiamkia shikamoo hapa hapa," akajibu, na kuandika: Jumanne, saa tatu na dakika ishirini na tano, imeganda.

Jumatano mama akamwaga chai kwenye pindo la kitambaa. Akakivuta, akaenda kukifua. Siku nzima laptop ikachapa, mpaka ukurasa wa hamsini. Alhamisi asubuhi kitambaa kikarudi, kimenyooshwa, kinanukia sabuni. Ukurasa mmoja tu, ikaganda.

Kopi Mbili akalifungua daftari na kuanza mwanzo. Akasoma mara mbili. Kisha akaingiza kiganja chini ya laptop na kukitoa haraka, maana kulikuwa na moto wa pasi. Akaipindua. Matundu ya feni yalikuwa yamezibwa na manyoya ya uzi. Rangi ya waridi.

Mama alikuwa pale pale kwenye benchi, sindano zinagongana.

"Mama," akasema, "kitambaa chako kinaiziba pumzi."

"Miaka minne kimekaa hapo. Leo ndiyo kimeanza kuua?"

"Hakijaanza leo, mama. Leo ndiyo nimekikamata."

"Uzi wangu hautoi manyoya."

"Na haya ya nani?"

Mama akayaokota, akayasogeza karibu na jicho, akayageuza. "Haya ni ya yule mwizi aliyeniuzia uzi," akasema, na kukikunja kitambaa mwenyewe.

Kopi Mbili akaenda chumba cha pili. "Fundi, naomba bisibisi."

"Ukiifungua hiyo haifungiki tena."

"Nimeomba bisibisi. Maneno ninayo ya kutosha."

Akaifungulia mlangoni, kwenye mwanga, ili jengo zima lione. Skrubu kumi na mbili zikapangwa kwenye sahani ya kikombe. Feni ilikuwa imevaa sweta. Akavuta manyoya kwa kibanio cha nyusi, na yaliyogoma kutoka akayasugua kwa mswaki mpya, taratibu, jino kwa jino. Alipofunga, skrubu moja ikabaki sahanini.

"Umebakiza!" fundi akapiga kelele. "Mmeona? Amebakiza skrubu!"

"Hiyo ni kopi ya pili," akasema, na kuiwasha.

Ijumaa laptop ilikalia vizibo vinne vya chupa, uchi kabisa, upepo unapita chini. Zilibaki kurasa ishirini na tatu. Saa nane fundi akaja na futi yake ya kupimia, akakaa kwenye benchi bila kualikwa, jicho kwenye saa ya ukutani. Mama akamsogelea karibu zaidi ya adabu na kuendelea kufuma. Muuguzi akafika saa tisa, anauma kucha. Vitufe tu ndivyo vilivyosema.

Saa tisa na dakika ishirini printa ikatema ukurasa wa mwisho. Mara mbili.

"Hii ya chuo," Kopi Mbili akamwambia muuguzi, "na hii ya siku watakayokwambia hawakuiona. Kimbia."

Fundi akakunja futi. "Lakini kifungu cha sita bado kipo."

"Kipo, na kitakaa. Jumatatu nakutolea nakala ukabandike kwako, usije ukasahau kunisubiri."

Fundi akainuka kwa hasira, na kichwa chake kikagonga dari. Hakikuuma. Mama alishakipigilia kitambaa cha waridi pale pale warefu wanapojigonga.

Matibabu yote yaligharimu mswaki mmoja, shilingi mia tano.