Kisu Huokotwa

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Katesh kisu hakikupokewa mkononi. Ukitaka kumpa mwenzako kisu unakiweka mezani, au kwenye mkeka, au chini kabisa, halafu yeye anakiokota. Hata kama ni cha kumenyea viazi. Bibi, mama yake baba, aliyekuwa akiishi nasi, alikuwa na msemo wake: "Kisu hakipokewi, kisu huokotwa." Ukikosea alikuchapa kikofi cha mkono, kisha akakuuliza kama unataka kugombana na ndugu yako mpaka kiama.

Kwa visu vya mhunzi mambo yalizidi. Mhunzi wetu alikaa njia ya Mogitu. Alikuwa wa kabila la wafugaji, ila wafugaji wenyewe hawakuozana na ukoo wake. Watu walisema mkono wa mhunzi ni mzito kwa sababu unashinda na moto na chuma. Na bado nusu ya mji ilikata nyama kwa visu vyake! Baba alikuwa na bucha, na kisu chake cha kuchinjia kilitoka kwa huyohuyo. Siku kilipoletwa, Bibi aliamuru kiwekwe chini uani, kimwagiwe maziwa, kiachwe kipoe mpaka jua lizame. Ndipo baba akaruhusiwa kukigusa.

"Sasa ni chetu," Bibi akasema. "Kinasomewa bismillahi kila asubuhi. Hakina neno."

Mke wa mhunzi aliitwa Udamagi, na alikuwa rafiki wa mama yangu. Mama alikuwa mgeni Katesh, ameolewa kutoka Dongobesh, na Udamagi alikuwa mgeni popote alipokwenda, hata kwao. Nadhani ndicho kilichowakutanisha. Siku za mnada alipita kwetu na bangili zake za shaba, akakaa kwenye kigoda mlangoni pa jikoni, wakacheka mpaka chai ikapoa. Akishaondoka tu, Bibi alikagua vikombe na vijiko.

"Mama, ameiba nini tena?" mama alimuuliza siku moja.

"Lisemwalo lipo," Bibi akajibu, "kama halipo laja."

Mimi nilikuwa upande wa Bibi, niseme ukweli. Mtoto akilelewa kwenye nyumba yenye shaka anainyonya shaka hiyo pamoja na maziwa. Mpaka leo mtu akimsifia mwanangu, moyo unaniuliza: huyu anataka nini?

Mdogo wangu Idrisa alizaliwa wakati wa masika, mvua za Hanang zimekata barabara na gari la kumpeleka mama hospitali halipatikani. Kabla yake mama alikuwa amemzika mtoto wa kiume mchanga. Niliukumbuka ule msiba, nikakaa nje ya mlango wa chumba, namsikiliza mama akilalamika kwa uchungu. Bibi akafungua mlango kidogo.

"Zaina, kimbia bucha. Niletee kisu cha baba yako. Kile kikubwa."

Nikakimbia kwenye matope, nikakileta, nikakiweka chini kizingitini kama nilivyofundishwa. Bibi akaokota. Baada ya muda nikasikia mtoto analia, nami nikalia kwa furaha. Kisu kikafutwa kwa kipande cha kanga, kikalazwa chini ya godoro la mtoto ili vibaya visimsogelee. Kila mtu kwetu alifanya hivyo, na mimi niliona mdogo wangu yuko salama kabisa.

Siku chache baadaye Udamagi akaja kumwona mtoto. Alileta kibuyu cha maziwa, na ndani ya shuka alikuwa na kisu kidogo chenye mpini wa pembe ya ng'ombe, kizuri jamani, sijawahi kuona kizuri kama kile. Mumewe alikifua makusudi kwa ajili ya Idrisa.

"Akikua, akate nyama yake ya kwanza," alisema, akamnyooshea mama.

Sasa, huko Dongobesh mama alikolelewa, mgeni akikupa zawadi unaipokea kwa mikono miwili na kuinama kidogo. Kumwambia mtu aweke zawadi yake chini ni kumtukana. Mama akapokea. Mikono miwili, akainama, akashukuru. Nyuma yangu nikasikia bakuli la uji likianguka.

"Umepokea mkononi!"

"Mama, ni zawadi."

"Na kwa mkono huo! Mbele ya mtoto!" Bibi akamgeukia Udamagi, akamtazama kuanzia miguuni hadi kichwani. "Haya. Tutaona."

Udamagi hakumaliza chai yake.

Jioni ile Idrisa akakataa ziwa. Kesho yake mwili ukawa wa moto, analia kilio chembamba kisicho na nguvu. Bibi hakupiga kelele, na hiyo ndiyo ilituogopesha zaidi. Aliketi kitandani, akasema neno moja tu, "Kikulacho ki nguoni mwako," na kila mtu akajua anamsema nani. Nilimchukia Udamagi siku ile kwa moyo wangu wote. Nilimwona mama akimpakata mtoto, midomo imemkauka, nikajua anauona msiba ule mwingine.

Baba akakichukua kile kisu kidogo kwa kitambaa, akaenda nacho Mogitu. Hakumwambia mtu kule shikamoo wala marahaba. Akakitupa uani kwa mhunzi mbele ya majirani, akamwambia Udamagi asikanyage kwetu tena, wala bucha, na kama mtoto atakufa atajua pa kwenda. Maneno kama hayo hayahitaji gari. Mnada uliofuata, wanawake walipita mbali na gunia la bangili zake. Wafugaji walipita mbali, na sisi wa mjini, wenye maduka, tulipita mbali. Kwa mara ya kwanza tulikubaliana katika jambo fulani.

Barabara ilipopitika tukaenda hospitali, mama, Bibi na mimi wa kubeba mfuko. Nesi alikuwa mama wa makamo. Alimwamkia Bibi kwa heshima, akamfunua mtoto, akainamia tumbo lake. Kitovu kilikuwa kimevimba, chekundu, kinanuka. Kwetu hakuna aliyekuwa amekitazama vizuri, tulikuwa tunatazama mlango alioingilia Udamagi.

"Kitovu kilikatwa na nini?"

"Kisu cha mhunzi," Bibi akajibu haraka.

Nilikuwa mtoto, sikujua kunyamaza. Nilidhani Bibi amesahau. "Bibi, kile kilikuwa hakijaja. Ulikata na cha baba cha kuchinjia. Si mimi ndiye niliyekileta?"

Mama akageuza kichwa polepole. Bibi akanitazama, na sijawahi kutazamwa vile tena maishani.

"Hicho nacho ni cha mhunzi," akasema.

Nesi akauliza kama kilichemshwa.

"Kilisomewa bismillahi."

"Bismillahi ni sawa kabisa, bibi," nesi akasema kwa upole. "Na maji ya moto pia ni sawa."

Idrisa alilazwa, akachomwa sindano mpaka nikaacha kutazama, na siku moja asubuhi akanyonya. Mama alilia mpaka wagonjwa wengine wakaja kuuliza kama mtoto amefariki. Alikuwa amepona. Kovu bado analo, anasema ni la vita.

Baba hakurudi Mogitu kuomba radhi. Alisema barabara mbaya. Barabara ikakauka, akasema kazi nyingi. Mama akatuma sukari na majani ya chai kwa mtu anayepita huko, vikarudi vilevile vimefungwa. Bibi aliendelea kukagua vikombe, sasa vya wageni wengine, na alizikwa bila kulizungumza. Sikumchukia. Alimkata yule mtoto kitovu kwa kitu alichokiamini kuliko vyote ndani ya nyumba.

Mwaka jana nilikwenda Katesh kumwona Idrisa, ambaye sasa ndiye mwenye bucha, nikapita mnadani. Udamagi alikuwa palepale, amezeeka, bangili na visu vimepangwa juu ya gunia. Nikamsogelea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akanikazia macho. "Zaina."

"Ndiyo, mama."

"Mtoto yuko?"

Nilichelewa kuelewa. Hakuna aliyewahi kumwambia! Miaka yote hiyo mwanamke yule hakujua, au alisikia tetesi asiziamini.

"Yuko, mama. Ni mtu mzima. Yuko pale bucha."

Akafumba macho kidogo, akapangusa uso kwa ncha ya shuka. Nami nikaona, kati ya visu vyake, kidogo chenye mpini wa pembe. Sidhani kama kilikuwa kilekile. Nikamwambia nakitaka, nikanyoosha mikono yote miwili na kuinama kama mama.

Aliitazama mikono yangu. Kisha akakichukua kisu, akakiweka chini kwenye vumbi, nje ya gunia, mbali na magoti yake.

"Okota."

"Mama, nipe tu mkononi. Mimi siamini mambo yale."

"Wewe huamini," alisema, bila hasira. "Mimi naamini. Nilitoa kwa mkono mara moja tu, kwenu. Okota, mwanangu. Nina wajukuu."

Nilitaka kumweleza habari za nesi, na kitovu, na maji ya moto. Yote yalikuwa kweli, na hayakuwa na faida kwake hata kidogo. Kwa upande wake alikuwa ameshuhudia kwa macho yake: aligusana mikono na nyumba yetu, na maisha yake yakaharibika.

Kisu hicho kiko jikoni kwangu sasa, na wanangu nawapa mkononi. Lakini siku ile, katikati ya mnada, niliinama nikaokota, kwa sababu yule mama alikuwa na haki ya kuuogopa mkono wangu.