Tulivyolinyamazisha Gari la Mzee

Mimi kuandika ni tabu, shule niliachia darasa la pili nikaenda kuchunga. Kwa hiyo mjukuu wangu wa kike anashika kalamu, mimi nashika mdomo, na mdomo wangu hauchoki. Ukifika mtaani kwetu hapa Sumbawanga ukauliza nyumba ya bibi anayeongea, watakuleta mpaka mlangoni. Haya, kaa vizuri nikueleze habari ya gari.

Gari lenyewe ni haisi, zile za zamani zenye injini chini ya siti ya dereva. Mume wangu alilinunua tukiwa bado vijana. Limebeba dagaa kutoka Kasanga, limebeba mpunga wa Mtowisa, limebeba maharusi, limebeba mbuzi waliowakojolea maharusi. Na kelele zake sasa! Mlango unagonga, vioo vinatetemeka, bati la juu linalia kama debe lenye mawe. Likiwa bado kule mlimani watoto wangu walishasema, "Baba huyo," wanainjika maji ya ugali.

Kuna mtu alilipenda lile gari kutushinda sisi wenyewe. Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, aliyeolewa kule bondeni Ilemba. Akisikia honi anatoka mbio, mikono imejaa unga, vigelegele juu: "Ng'ombe zangu hizo! Ng'ombe zangu zimekuja kunisalimia!" Watu wanacheka, na sisi tunacheka. Maana gari lilinunuliwa kwa ng'ombe wa mahari yake. Kaka mtu aliwauza wote, hata ndama hakubaki.

Sasa kucheka ni kucheka, lakini kuna siku moja hatuisemi. Wifi hajamaliza miaka mitatu kwenye ndoa, akatokea kwetu kwa miguu, kapanda mlima wote ule, mkono umefungwa na kanga, meno mawili ya mbele hayapo. Akasema, "Kaka, yule mtu ataniua." Tukakaa naye siku tisa. Siku ya kumi wazee wa upande wa mume wakaleta neno: mke arudi au ng'ombe warudi. Ng'ombe wako wapi? Wamesimama uani, wana magurudumu manne. Mume wangu akawasha gari akamrudisha. Mimi nilikaa siti ya nyuma pembeni ya wifi, na niliongea, jamani, niliongea toka Sumbawanga mpaka Ilemba. Bei ya sabuni, harusi ya jirani, kuku wangu wanaotaga vichakani. Gari linagonga, mimi naongea juu ya kugonga kwake. Alikuwa analia. Mimi sikutaka kusikia.

Yule mume wake alikuja kufa baadaye, pombe. Wifi akabaki kule na watoto wake, na tukaendelea kucheka na honi.

Haya. Mwaka juzi mzee wangu akaanza kuumwa kichwa. Tukaenda hospitali, wakapiga picha, daktari akatukalisha akasema kwa upole kuna uvimbe umekaa mahali pasipokatika. Mkae naye nyumbani, ameze dawa za maumivu. Basi. Na ule ugonjwa adui yake ilikuwa sauti. Kijiko kikigusa sahani, mzee anashika kichwa kwa mikono miwili kama mtu anayezuia chungu kisipasuke. Nikagawa jogoo. Nikaacha kutwanga. Tukala kwenye plastiki. Lakini kelele iliyokatazwa ya kwanza kabisa unaijua? Ni mdomo wangu! Aliniita akaniambia taratibu, "Mama, nakupenda. Nyamaza." Nikawa naenda shambani kuongea na mahindi. Unacheka? Nenda kakae mwaka mzima na mumeo anakufa, halafu huruhusiwi kumwambia hata habari za mtaani.

Siku moja akasema, "Nipelekeni Ilemba. Nina neno na mdogo wangu."

Nikamnong'oneza, "Tumpigie simu."

"Si neno la simu."

"Basi aje yeye. Yeye ni mzima."

Akafumba macho. "Aliyekosa ndiye anayetembea. Umesahau?"

Sikusahau. Kwetu ndivyo. Huwezi kumwita uliyemkosea aje kuombwa msamaha kama anakuja kuchukua mbegu. Unaenda wewe, unakaa chini, unasema.

Tukajaribu. Mteremko wa Lyamba lya Mfipa, wa kushukia bondeni, hatujauona hata, mzee akaanza kupiga kelele, na mzee wangu hakuwa mtu wa kupiga kelele. Kila bati likigonga yeye analia. Tukageuza.

Sasa kuna fundi bodi mmoja hapa mjini ambaye enzi hizo alikuwa konda wetu. Leo ana mvi lakini bado anamwita mzee Bosi. Akaja, akagonga ubavu wa gari kwa vidole, kong', kong'. Akasema, "Mama, hili gari lina mdomo kama wako. Tutalifunga."

"Lifunge," nikamwambia. "Wangu umeshafungwa."

Akatoa siti zote, akang'oa yale mabodi ya ndani, zulia limeoza, chini yake kutu, magamba ya dagaa ya miaka na miaka. Nilipoona ule ubavu uko wazi, bati huku na bati huku, katikati uwazi, nikasema, fundi, hapa pajazwe makapi ya ulezi. Maana sisi tukipeleka vyungu sokoni, tunavizungushia makapi ya ulezi, na barabara zetu hizi chungu hakigongi chungu. Fundi naye Mfipa, bibi yake aliuza vyungu, akasema, "Mama una akili." Tukashindilia magunia matano kwenye milango, kwenye mbavu, mpaka kwenye paa. Akagonga: dup. Akagonga tena: dup. Nilicheza pale uani, kimyakimya, bila vigelegele.

Kosa ni langu, nalisema wazi. Yale makapi niliyapepeta mimi, mwaka ule nikiwa na mgonjwa ndani, napepeta mara moja badala ya mara tatu. Ulezi mwingi ulibaki humo. Na raba za vioo zilikuwa zimechoka. Tunangoja fundi amalize siti, mvua za kwanza zikanyesha, maji yakateremka taratibu kwenye mbavu za gari. Wiki haijaisha, mzee kakaa kivulini karibu na gari, ananusa. "Nani anapika pombe?"

Nikafungua mlango. Harufu ya kimea! Ile yenyewe, ya ulezi uliolowekwa ukachipua kwa ajili ya pombe. Majani meupe yanatoka kwenye matundu ya skrubu kama ndevu. Binti yangu mkubwa akacheka mpaka akakaa chini, kajiziba mdomo na kanga. Hata mzee alitabasamu, akasema, "Bondeni tutafika tumelewa." Ndiyo mara ya mwisho nilimwona anatabasamu kwa macho yote mawili. Maana ilibidi kung'oa kila kitu, kukwangua uozo, kukausha bati na jua lenyewe la masika halipo. Mvua zikashika, barabara ya bondeni ikawa tope. Tukangoja mpaka zikate. Hiyo miezi yote tuliyongoja ni ya makapi yangu. Katikati yake jicho la kushoto likazima, na mguu mmoja ukawa unaburuta.

Mara ya pili tulifanya kwa adabu. Fundi akakata tyubu kuukuu za lori, akazigandisha na gundi kwenye bati lote. Juu yake sponji ya godoro, juu ya sponji zulia. Kila skrubu akaivalisha kipande cha ndala chini yake isigonge. Raba za vioo mpya. Binti yangu ni fundi cherehani, akashona pazia la blanketi zito kutenga injini na nyuma, akafunika ndani kote kitambaa cha pamba, rangi ya maziwa. Tukatandika godoro. Ukiingia ukafunga mlango, unasikia moyo wako. Fundi akakata na waya wa honi. "Nisije nikaibonyeza kwa mazoea," akasema, "Bosi akashtuka." Tukamsifu kwa kufikiria hilo.

Tukaondoka asubuhi. Fundi anaendesha, binti yangu mbele, sisi wawili nyuma. Gari lilitembea kama linatembea kwenye unga. Tumefika mteremko, mzee ametulia. Akanigeukia na lile jicho moja. "Ongea," akasema.

"Nini?"

"Ongea, mama. Humu naweza."

Eeh! Nikaongea. Kwa sauti ya chini, lakini yote. Habari za mwaka mzima nilizokuwa nazimwaga shambani. Nani kaoa, nani kafumaniwa, ng'ombe wa nani kaingia kanisani. Anafinya mkono wangu pale pa kucheka. Tulipopita Mtowisa joto limeanza, akanisimamisha. Akanisomea neno lake, lile la kwenda kumwambia mdogo wake. Lilikuwa fupi. "Nilikurudisha kwa sababu ya gari. Ulisema atakuua, nikasikia, nikawasha gari." Akaniuliza, "Linatosha?" Nikasema linatosha. Akawa analirudiarudia midomoni kama mtoto anayetumwa dukani.

Sasa sikiliza. Wifi alijua tunakuja, binti alimpigia simu. Tangu asubuhi amekaa uani na majirani na watoto wake, wanasikiliza honi. Kuku kachinjwa. Na wewe unajua kwetu gari linaloleta maiti linavyokuja. Linakuja polepole, halipigi honi, limefungwa kote, na dereva akishuka anavua kofia.

Tukaja polepole. Hatukupiga honi. Mapazia yamefungwa kwa ajili ya jicho la mzee. Gari halikugonga hata bati moja, limesimama katikati yao ndipo wakaliona. Fundi akashuka, joto la kule, akavua kofia ajifute jasho.

Wifi akapiga ukunga. Huo ukunga mmoja ukawasha mji mzima. Wanawake wakajitupa chini, wanaume wakapiga yowe, watu wakaja mbio kutoka mashambani wanalia njia nzima. Wakaanza kulipiga gari kwa viganja, mbavu zile tulizozinyamazisha mwaka mzima, huku wanamwita mzee kwa jina lake. Binti yangu anapiga kelele, "Yu hai! Baba yu hai jamani!" Nani amsikie? Kelele juu ya kelele. Wakafungua mlango wa nyuma, kelele yote ikaingia.

Nilimlalia kichwa. Nilikiziba kwa kifua changu. Alikuwa anatapika, mwili unatetemeka kama lile gari la zamani. Wifi akaingia kwa magoti, akamwona amefumbua jicho, sauti ikamkatikia. Kukawa kimya kuanzia pale mlangoni mpaka nje kabisa.

Mzee akamtazama. Akasema, "Mdogo wangu, mimi bado."

Hayo tu. Nilimwona anatafuta yale mengine. Midomo inaenda, ile midomo iliyokuwa inayasoma toka Mtowisa, lakini sauti haikutoka. Haikutoka jioni, haikutoka kesho yake. Wifi alikaa naye siku mbili, kamshika mkono, anamlisha uji kwa kidole. Siku ya tatu asubuhi mzee akatuacha.

Nikwambie kitu cha aibu? Alipokufa kweli, watu walilia kidogo. Siwalaumu. Walishalia.

Tukamrudisha kwetu mlimani kumzika, kwenye gari lilelile, godoro lilelile. Mimi upande huu, wifi upande ule, yeye katikati. Tulipoanza kupanda mteremko nikaona sasa ni wakati, neno lisipotee. Nikasema, "Wifi, kaka yako hakuja kusalimia. Alikuwa na neno."

"Najua," akasema. "Asingeamka kitandani kwa kitu kingine."

"Basi nikusemee. Alinipa lote, pale Mtowi—"

"Usinisemee." Hakunikasirikia. Aliweka kanga vizuri miguuni kwa mzee. "Siku ile uliongea sana, wifi. Leo nyamaza tu."

Nikanyamaza. Na mimi nilikuwa na langu la kumwambia, ninalo mpaka leo, maana wewe mwenye kosa utembee kwenda wapi wakati mtu yuko mbele yako na amekukataza?

Akaanza kulia. Polepole, kwa pua, vile alivyolia siku ile. Bati halikugonga, kioo hakikutetemeka, mimi sikuwa na sabuni wala kuku wa kuongelea. Lile gari nililisimamia mwenyewe mpaka likanyamaza, kwa hiyo nilisikia kila pumzi yake, mteremko wote, mpaka Sumbawanga.