Upinde wa Sipringi za Lori
Mimi ni mwalimu wa fizikia, ingawa tangu tukimbie vita Butembo sijashika chaki. Hapa Bwera, ng'ambo ya mpaka, natengeneza redio na simu karibu na soko, na mke wangu anauza vitenge. Jumamosi mchana nilikuwa naenda kibanda cha video kutazama kipindi kimoja cha watu wa angani. Saa mbili zile ndizo pekee katika juma ambazo sikuifikiria nyumba tuliyoiacha.

Kibanda kilikuwa na mfasiri, mwanamume wa Kyondo mwenye sauti nzito. Picha inasema Kiingereza, yeye anasema Kiswahili kwenye maikrofoni, akitia chumvi apendavyo. Siku moja shujaa wa kipindi, aliyeachwa peke yake kwenye sayari tupu, akang'oa sipringi za kiti cha chombo chake, akazifunga kebo zikawa upinde, kisha akafyatua fimbo ya chuma ikapenya mlango wa chombo cha adui kama kisu kwenye parachichi. Nikamnong'oneza jirani yangu kwamba haiwezekani. Mfasiri akasikia. Akasimamisha picha.

"Kumbe tuna profesa," akasema kwenye maikrofoni. "Profesa, kama unajua silaha hivyo, mbona ulikimbia?"

Watu wakacheka mpaka mabenchi yakatikisika. Hakujua kwamba kaka yangu alibaki nyuma siku ile ili sisi tupate nafasi ya kukimbia, na hatujamwona tena. Hata angejua, sidhani kama angenyamaza.

Kuanzia hapo, kila mjinga aliyekufa kwenye kipindi aliitwa Profesa Mbio. Sokoni wakamuuliza mke wangu Profesa Mbio ameamkaje. Mke wangu akaniomba niache kwenda. Sikuacha. Nilihamia benchi la mbele, nikawa namtazama mfasiri mdomo.

Baada ya wiki kadhaa nikasimama mbele ya watu, nikamwambia tuutengeneze upinde ule. Yeye mwenyewe ataufyatua. Ukitoboa mlango wa lori, nitashika maikrofoni niseme mimi ni mjinga. Usipotoboa, ataniomba msamaha kwa maikrofoni hiyo hiyo. Mbele ya umati ule hakuweza kukataa.

Rafiki yangu mmoja Mwislamu wa Kasese, mwenye malori, alinipa sipringi mbili za lori lililokufa, mlango wake, na kebo mpya kabisa. Fundi wa kuchomelea akanitengenezea fremu na kigurudumu cha kukazia. Kwa fundi huyo niliona kebo nyingine, kuukuu, nyuzi zake za ndani zimeanza kukatika. Nimefundisha miaka kumi na moja. Najua kebo iliyovutwa hufanya nini ikikatika. Nikafunga ile kuukuu, nikaipaka grisi mpaka ikang'aa.

Jumapili baada ya misa uwanja wa mpira ulijaa. Watu niliwasogeza mbali. Mfasiri nilimwonyesha pa kusimama, sikumwambia zaidi.

Alifyatua. Fimbo ikagonga mlango, ikaanguka kwenye majani. Mlango ulibonyea kidogo tu, mahali pa kutosha yai. Safari hii umati ukamcheka yeye. Ningeweza kuishia hapo. Nilikuwa nimeshinda.

Lakini alisema kebo haikukazwa kama kwenye kipindi, anataka kurudia. Nilijua atataka.

"Kaza," nikamwambia.

Akakaza. Kebo ikakatika kwa mlio mkavu, ikamchapa kutoka sikioni mpaka mdomoni. Akapiga magoti, damu ikimtoka kati ya vidole, watu wakamkimbilia wakampandisha bodaboda kwenda hospitali. Mimi nilibaki pale nimesimama. Nisiseme uongo: nilisikia utamu, kama maji kwa mtu aliyetoka kupanda mlima.

Kibanda kikakaa bila mfasiri zaidi ya mwezi. Siku moja mke wangu akifagia chini ya meza yangu akaikuta ile kebo mpya.

"Papa, hii ilikuwa ya nini?" akauliza.

Niliinamia redio niliyokuwa natengeneza. Aliiangalia, akaniangalia, akairudisha mahali pake. Kesho yake akaanza kumpelekea mfasiri uji, maana hakuweza kutafuna, na nyumbani akawa ananiwekea chakula na kuondoka.

Mfasiri akaja mwenyewe mchana mmoja. Mdomo ulikuwa umeshonwa ukapinda, na maneno yalimtoka polepole, yakipoteza hewa.

"Mwalimu, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Nilingoja anipige. Nadhani nilitaka anipige. Akasema tu kwamba watoto wake wanaogopa uso wake, akageuka akaondoka. Hakuniomba msamaha, nami sikumwomba.

Sasa amerudi kibandani. Mimi siendi tena, ila meza yangu iko ng'ambo ya barabara na spika zao ni kubwa. Ulimi wake hukwama kwenye maneno mengine, na watu waliomshangilia zamani sasa wanamwigiza. Mke wangu anasema niende nikaungame kwa padri. Nitakwenda. Lakini Jumamosi ulimi ukimkwama na kile kicheko kikianza, naacha redio niliyoshika, naegemea ukuta, nasikiliza mpaka kiishe.