Kilima cha Janine

Mpishi mmoja ana mlima wake kule Antaktika, na hajawahi kuukanyaga. Ndege ilipita juu ikapiga picha, wachoraji wakakaa mezani wakazigeuza kuwa ramani, kisha kilele kikapewa jina lake kwa sababu aliwapikia wenzake kwenye kituo cha barafuni. Binti yangu alinisomea hayo kutoka kwenye kazi yake ya shule, tukiwa kwenye treni kati ya Doonside na Mount Druitt, huku ughaibuni tulikohamia. Nilimuuliza kwa Kiswahili kama ni kweli hakupanda hata kidogo. Akanijibu kwa Kiingereza, bila kuinua macho kutoka kwenye simu, kwamba haikuwa lazima.

Enzi zetu jina la kilima lililipiwa kwa magoti. Sisi tuliokulia kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma tulikuwa na sheria moja: mahali panaitwa kwa jina la aliyeanguka hapo kwanza. Palikuwa na Kona ya Baraka, na Mfereji wa Mapacha, waliotumbukia pamoja. Dada yangu Janine alipata kilima kizima. Tulikuwa tumetoka kuokota kuni, tukateleza kwenye nyasi kavu tukikalia vipande vya dumu, naye akashuka kichwa mbele mpaka chini, mzigo wa kuni ukimfuata nyuma.

“Kimekuwa chako!” tulipiga kelele.

“Kichukueni wenyewe!” alijibu, mdomo umejaa vumbi.

Jioni, dengu za mgao zikitokota, Bibi alimkanda goti kwa maji ya chumvi. “Wenzako wanaachiwa mashamba,” alisema, “wewe umejipatia kilima.” Tangu hapo hata watu wazima walikiita Kilima cha Janine. Bibi alipofariki, tulimzika chini yake.

Watoto wa siku hizi wana dunia nzima mfukoni, na bado hawaoni kituo cha kushukia mpaka uwaguse bega. Lakini safari hii tulimhitaji binti yangu na simu yake. Mama yangu anataka kaburi la Bibi liwekewe msalaba wa saruji wakati yeye mwenyewe bado yupo. Tulimpata fundi kule Kigoma, akaenda kulitafuta kaburi, akapiga simu kutoka kijiji cha jirani na kambi.

“Dada, kambi ilishafungwa, pote ni pori. Vilima ni vingi. Nimewauliza wazee, Kilima cha Janine hawakijui. Wenyeji walikuwa wanakiitaje?”

Binti yangu alitafuta kwenye ramani. Akapata kijani kitupu, hakuna jina. Mama akamtazama Janine, Janine akanitazama mimi.

Kijiji kile kilikuwepo kabla ya hema letu la kwanza, kwa hiyo kilima kilikuwa na jina. Tuliishi chini yake utoto wetu wote, na hakuna aliyewahi kuliuliza.

“Usirudi kwanza, mwanangu,” Mama alimwambia fundi. Bado yuko huko na saruji yake, anasubiri jina.