Dume Mmoja wa Zizi la Magdalena

Nikutegee kitendawili, msomaji wangu: mgeni wangu hatumii sahani, maji hanywi, na akishiba hawezi kutembea. Wewe fikiri taratibu. Mtu wa Lulindi anayefuga hafikiri hata kidogo, atakujibu huku akijikuna: kupe.

Asubuhi hii ya Oktoba, Magdalena Sijaona anawatafuta wageni hao kwa vidole. Amepiga goti zizini kwake, hapa Lulindi wilayani Masasi, mkono wake ukiwa ndani ya sikio la dume kijana mweusi aitwaye Kokoto. Anapapasa sikio, anashuka kwenye shingo, anamalizia chini ya mkia. Kisha anamgeukia dume wa pili, Waziri, mnene mwenye mabaka meupe, na kumpapasa palepale.

"Huyu wa kwanza ana wawili," anasema. "Huyu wa pili nimeacha kuhesabu."

Leo mmoja wao atahasiwa. Bwana mifugo yuko njiani na koleo lake, na Magdalena bado hajasema ni yupi.

Hapa ni nchi ya mikorosho. Madume wawili wakianza kugombea jike, uzio haubaki. Na mwezi huu wa mabibo, yale matunda ya mikorosho, wakishatoka hawana habari na nyasi, wanakwenda moja kwa moja kwenye mashamba ya watu. Mwaka jana walikanyaga korosho za jirani zilizokuwa zinasubiri kuokotwa, na maneno yake mpaka leo hayajaisha.

Ndiyo maana mama huyu mwenye umri wa miaka hamsini na miwili na mumewe wamekubaliana kubaki na dume mmoja. Atakayehasiwa atavuta mkokoteni. Atakayebaki ndiye atakuwa baba wa kila ndama wa zizi hili, na wa majirani wanaoleta majike yao. Koleo likishabana, hakuna kurudi nyuma.

Mumewe, Dadi, kwa upande wake hana shaka.

"Mtazame Waziri, mgongo kama meza," anasema akiwa ameegemea uzio. "Huyo mwingine ukimwona kwa mbali utadhani mbuzi aliyenuna."

Magdalena hacheki, ila pembe ya mdomo inamsaliti kidogo.

Dadi ana hoja yake. Mama yake Waziri ni chotara, na msimu mzuri hutoa lita sita kwa siku. Mama yake Kokoto ni ng'ombe wa kienyeji mwenye nundu, naye hutoa lita moja na nusu, tena siku aliyoamka vizuri. Na chotara huyo sasa amezeeka, meno yanamwisha. Wa kushika nafasi yake hayupo.

"Sasa na maziwa, Mama Happiness?" Dadi anamuuliza mkewe, akimwita kwa jina la binti yao wa kwanza. "Ukimbakiza huyo Kokoto, maziwa tutayapata wapi?"

Magdalena anachukua ndoo na kwenda kunywesha ndama. Swali analiacha palepale kwenye uzio.

Si kwamba hapendi maziwa. Ndama wake wa kwanza kabisa, Upendo, alikuwa wa mbegu ya maziwa. Alimfungia bandani, akamnyunyizia dawa kila wiki, akawa anamtoa kupe mmoja mmoja kwa mkono.

"Nilimlea kama mzaliwa wa kwanza," anasema. "Upepo wenyewe ulikuwa unaomba ruhusa kumgusa."

Mvua ziliponyesha akamtoa kwenda kuchunga na wenzake. Hazikupita wiki nyingi, matezi yakavimba chini ya masikio, pumzi ikawa ya kuvuta kwa shida, akafa. Ilikuwa ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Baada yake alifukia wengine wanne, wote wenye damu ya kisasa.

Hapo ndipo lilipomwingia jambo ambalo halijamtoka. Wa kienyeji wanapona kwa sababu ya damu waliyozaliwa nayo, au kwa sababu wanaumwa na kupe tangu wachanga, mwili ukazoea?

Basi msimu wao wa kwanza wa mvua aliwatoa Waziri na Kokoto pamoja, wangali wadogo, pori moja, dawa ileile, na kila jioni akawapapasa wote wawili.

"Nikamwambia, mama wewe unataka kuniulia Waziri," Dadi anakumbuka.

Wote waliugua. Kokoto alilala siku chache, akasimama mwenyewe na kuomba majani kwa kelele. Waziri alisimamishwa na sindano, na dawa hizo zilikula zaidi ya shilingi elfu arobaini.

Hata hivyo Magdalena hajajipa ushindi. "Huenda ni ulimi wa mama yake Kokoto," anasema. "Jike yule analamba mtoto mpaka masikio yanang'aa. Kupe atakaa wapi?"

Huko Mnyambe, wilayani Newala, mkulima wa korosho Ashiru Shamte anasubiri ndama kutoka zizi hili. Yeye alinunua mitamba wawili wa kisasa, majike ambao hawajazaa, kutoka mbali, na wote mvua za kwanza ziliondoka nao.

"Walikuwa wazuri wa kupiga picha," anasema kwa simu. "Mwambie Mama Happiness anipe mbaya, ila aishi."

Pikipiki inanguruma nje. Ni Basil, bwana mifugo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na chuma chako?"

"Nimekuja nacho. Haya, ni yupi?"

Magdalena anajifuta mikono kwenye khanga. Anamtaka kwanza ajibu lile swali lake, ni damu au ni kuzoea.

Basil anachuchumaa. Ng'ombe hawa, anaeleza, wameishi na kupe vizazi na vizazi. Aliyeshindwa alikufa bila kuacha mtoto, aliyeweza akaacha. Kilichomwezesha kimo katika damu, na dume huwagawia watoto wake, mwingine kingi, mwingine kidogo.

"Na kuzoea tangu mdogo nako kunasaidia, mama, hukukosea," anasema. "Ila sikudanganyi. Kokoto ni mmoja, na msimu uliomjaribu ni mmoja. Anaweza akakuangusha."

"Najua."

Magdalena anawatazama madume wawili wanaosukumana kugombea ganda la mhogo.

"Mhasi Waziri," anasema.

Dadi anaingia zizini. Anamshika Waziri kichwa mwenyewe na kumkuna katikati ya pembe mpaka koleo linapobana. Waziri anarusha teke, anatikisika, kisha anatulia.

Mpango wa Magdalena ni kumpandisha Kokoto kwa yule chotara mzee kabla hajachoka kabisa. Akizaliwa jike, anataka apate maziwa ya mama yake na ngozi ya baba yake.

"Anaweza kuja kinyume," Basil anamtania. "Maziwa ya upande wa Kokoto, kupe wa upande wa Waziri."

"Basi huyo nitakuletea wewe ofisini."

Wanacheka, isipokuwa Dadi, ambaye bado ana mkono kwenye shingo ya Waziri.

"Mimi sijajibiwa," anasema. "Nimeuliza, na maziwa?"

Magdalena anaingia zizini na kusimama upande wa pili wa dume yule. Naye anamwekea mkono shingoni.

"Tutakunywa chai ya rangi, Baba Happiness," anasema. "Mimi kufukia ndama nimechoka."