Mshale wa Stabilaiza

Watu wakiniuliza kama kuna faida ya kuweka stabilaiza nyumbani, huwa nacheka kwanza. Ya kwetu Temeke, miaka ile ya ruksa, bidhaa za nje zilipoanza kuingia, ilinunuliwa ilinde friji, ikaishia kumlinda bibi yangu.

Friji lilikuwa la mama. Alilipata kwa fedha za upatu, nalo lilikuja likiwa limeshatumika huko lilikotoka, lakini liligandisha barafu za ukwaju ambazo wanafunzi walizifuata mpaka mlangoni. Umeme wa mtaani kwetu ulikuwa na maringo. Mara taa inafifia mpaka inakuwa nyekundu, mara umeme unarudi kwa kishindo. Friji la jirani liliungua, akaligeuza kabati la vyombo. Mama akaapa kwamba la kwake halitawekewa sahani. Akanunua stabilaiza, kiboksi cha kutuliza umeme, chenye mshale usoni wa kuonyesha nguvu yake, kinacholia tak! tak! kila umeme unapoyumba.

Baba hakuipenda. "Friji nalo linataka yaya?" alisema. Lakini haikupita wiki, akitoka kazini bandarini anavuta kiti mbele yake, anautazama mshale kama anayesikiliza mpira redioni. Ndiye aliyegundua kwamba kila siku baada ya alasiri mshale unashuka ghafla, unakaa chini kitambo, kisha unapanda wenyewe.

"Kuna mtu humu ana hita ya maji," akatangaza.

Nyumba yetu ilikuwa na vyumba sita na mita moja ya umeme, na baba alishapiga marufuku hita na majiko ya umeme. Atakayekamatwa angehama. Macho yake yakaenda moja kwa moja chumba cha mwisho, kwa mpangaji wetu mwalimu.

"Mtu wa Njombe yule," alisema. "Kaja mjini kukimbia baridi, maji ya bomba atayaweza wapi?"

Mwalimu aliapa kwa dini yake yote kwamba hita hana. Baba hakusikia. Mke wa mwalimu alikuwa na mimba kubwa, na mimi niliona uchungu kumwona anaanza kufunga vyombo.

Mama hakuridhika. Kesho yake mshale uliposhuka, alinishika mkono tukapita chumba kwa chumba tukisingizia kuulizia ungo. Kwa mwalimu palikuwa na kufuli, hayupo mtu. Tukaishia kwa bibi, mzaa baba, aliyekuja kwetu kutibiwa magoti. Alikuwa amekaa kitandani, mbele yake ndoo iliyofunikwa kanga, waya umetokeza pembeni, mvuke unapanda mpaka darini.

"Nafukiza nguo, mwanangu," akasema bila kupepesa.

"Udi mzuri, mama," mama akajibu, akaurudisha mlango taratibu.

Mimi nilikuwa karibu kupasuka kwa kicheko. Mama akanifinya. "Mama mkwe hakamatwi," aliniambia tulipofika uani. "Anajikanda magoti mwenyewe ili mie nisihangaike kuwasha mkaa mara ya pili. Sasa nimwambieje baba yako? Amfukuze mama yake?"

Lakini akinyamaza, mwalimu anahama. Jioni ile baba alikuwa amemkalisha uani wapatane siku ya kutoka, wapangaji wengine wakijifanya wanachambua mchele. Mama akatoka jikoni, akajifunga kanga vizuri, akasema kwa sauti ya kufika kila chumba:

"Hita ni yangu. Haya, baba mwenye nyumba, mie nihame lini?"

Baba alimtazama, akautazama mlango wa sebuleni lilikokuwa friji. "Wewe? Unaliua friji lako mwenyewe?"

"Ndiyo maana nikanunua stabilaiza."

Mke wa mwalimu ndiye aliyeangua kicheko kwanza, kisha uani kote. Baba naye akacheka, kwa kukosa pa kuuficha uso. Mwalimu hakuhama, na mtoto wao alizaliwa kwetu.

Tangu hapo, kila baada ya alasiri, mama alilichomoa friji kwa mkono wake. Alisimama mbele ya stabilaiza mpaka mshale ushuke, mpaka upande tena, akajua mama mkwe amemaliza kuchemsha. Kisha alisubiri dakika chache, kama fundi alivyomwagiza, ndipo akalichomeka. Hakumwambia mtu, na friji halikuungua.

Magoti ya bibi yalipopata nafuu, akafunga safari kurudi kwake Rufiji. Asubuhi ya kuondoka aliniita, akanipa kitu kilichoviringishwa ndani ya kanga ile ile. Nilipapasa nikajua ni hita.

"Mpe mama yako," alisema. "Nilimsikia siku ile akisema ni yake."

Mama alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kesho yake baada ya alasiri nilimkuta sebuleni amelichomoa friji, amesimama na plagi mkononi, akiutazama mshale ambao haukushuka.